Taa ya LED iliyogoma kuzimika chumbani kwa marehemu baba mdogo, Tabora

Wakuu, heshima kwenu wote, wakubwa kwa wadogo.

Najua humu kuna watu kazi yao ni kuandika "chai", yaani uongo, kabla hawajamaliza aya ya kwanza. Leo naomba mnywe taratibu. Hili limemtokea mama yangu mdogo pale Ng'ambo, Tabora mjini, na hiyo taa niliifunga mimi mwenyewe. Sina cha kuongeza wala kupunguza.

Mimi naishi Chemchem, nauza vipuri vya pikipiki.

Mama mdogo, tumwite Nyanzala, ni mdogo wake mama yangu mzazi. Mumewe, baba mdogo Mihayo, alikuwa seremala. Aliugua muda mrefu, akafariki. Hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo mama mdogo akabaki peke yake.

Nyumba yenyewe ni ya zamani, tofali za udongo, kuta nene, nyaya za umeme zimepitishwa humo humo ukutani chini ya lipu. Uani kuna chumba ambacho baba mdogo alikuwa anapakia vanishi na kupumzikia akichoka. Baada ya msiba kilifungwa tu.

Arobaini ilipopita nikaenda kumsalimia, nikakuta amekaa gizani.

"Mama mdogo, umeme umekatika?"

"Upo, mwanangu. Najibana tu. Hii mita ya luku inakimbia kama inafukuzwa."

Nikaangalia juu. Balbu zote zilikuwa zile za kioo za zamani, zenye kawaya ndani, ukiigusa inakuachia lengelenge. Zile umeme mwingi zinaumalizia kwenye joto, mwanga unaoupata ni mabaki. Nikamletea LED za nyumba nzima, na cha uani nikakifungua nikafunga na humo.

Aisee, yule mama alifurahi. Alipitisha uzi kwenye tundu la sindano jioni bila miwani! Luku ikaanza kukaa. Akaacha kukaa gizani. Mimi nikarudi Chemchem najiona mtoto wa maana.

Mvua zikakolea.

Siku moja akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu aliye kanisani.

"Mwanangu, baba yako mdogo amerudi."

Nilifunga duka nikaenda. Nilifika kiza ndiyo kinaanza kushuka. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono mpaka uani. Mlango wa kile chumba ulikuwa umerudishiwa, na chini ya mlango kulikuwa na mwanga.

Haukuwa mwanga wa taa, wakuu. Ulikuwa hafifu, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji mengi.

Nikaingia. Nikabonyeza swichi, taa ikawaka vizuri. Nikazima. Ikashuka, ikashuka, halafu ikagoma hapo. Ikabaki juu pale kama jicho la mtu aliyeamka lakini hataki mjue ameamka.

Nikawasha tena. Nikazima. Vile vile. Vyumba vingine vyote ukizima taa inazimika, hicho tu ndiyo hapana.

Nikarudia mpaka mama mdogo akanigusa bega.

"Usimchoshe."

Nikaiachia swichi.

Kumbe kila jioni alikuwa anaenda humo. Anavua kandambili mlangoni kwa heshima, anaingia, anamsalimia kwa Kinyamwezi, halafu anamsimulia habari za mchana. Nani kauguliwa, nani kaposwa, bei ya karanga. Nilimsikia kwa masikio yangu. Anauliza swali, ananyamaza kwa muda wa mtu kujibu, halafu anaitikia.

Habari ikavuja mtaani. Shemeji yake Shija, mdogo wa marehemu, akaja kutoka kijijini. Alichungulia mara moja tu, akatoka kinyumenyume. Akasema hapo Ng'ambo ilipita njia ya misafara, wapagazi waliokufa walifukiwa kando ya njia bila jina, na marehemu hakuagwa ipasavyo. Kwa hiyo lifanyike tambiko, mama mdogo ahamie kijijini, nyumba ifungwe.

Mama mdogo akamjibu kwa upole kabisa.

"Shemeji, mimi sihami. Nimwache na nani?"

Mimi nilibaki katikati. Nimesoma kidogo, nasali, lakini ile taa nilikuwa nimeiona.

Jioni iliyofuata nikakaa naye humo. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa. Bati lilikuwa linavuja upande wa swichi, maana kila mwaka marehemu ndiye aliyekuwa anapanda kuziba kabla ya masika, na mwaka huu hakuna aliyepanda. Ukuta ulikuwa umelowa, umeweka ramani kubwa nyeusi.

Mama mdogo akasema, huku anatabasamu, "Siku hizi hata mkono ananishika."

"Anakushikaje?"

"Njoo."

Akaweka kiganja ukutani chini ya swichi, pale palipolowa. Akafumba macho. Niliona vidole vyake vinatetemeka kidogo kidogo.

"Weka na wewe."

Na mimi nilikuwa nimevua viatu. Nikaweka mkono.

Wakuu, kitu kilinishika. Kilianza kwenye vidole kama siafu, kikapanda mpaka kwenye kiwiko. Taratibu, kama mtu anayekukumbuka. Niliruka mpaka nikaangusha kigoda.

Sasa sijui ni nini kilinijia, lakini ile siafu ya mkononi nilikuwa naifahamu. Niliwahi kushika jokofu bovu dukani kwa jirani, likanipiga shoti vile vile. Nikamvuta mama mdogo nje, akawa analalamika, nikaenda moja kwa moja kwenye swichi kubwa ya nyumba nikaishusha.

Chumba cha uani kikawa giza kabisa. Mama mdogo akapiga ukelele mmoja mfupi.

Kesho yake nilimleta fundi umeme, dada mmoja anaitwa Zuhura. Akakagua, akarudisha umeme kwa muda mfupi, akagusisha testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, ukutani. Ukutani, siyo kwenye waya! Testa ikawaka.

Akashusha umeme, akabandua lipu. Waya ulikuwa umetafunwa na panya, shaba iko wazi, udongo umelowa chapachapa. Halafu akatueleza tatizo la pili. Swichi ya chumba hicho iliunganishwa kinyume toka zamani. Badala ya kukata waya unaoleta umeme, ilikuwa inakata ule unaorudisha. Kwa hiyo hata ukizima, umeme unabaki umejaa kwenye taa, unatafuta pa kutokea. Ukapata ukuta uliolowa.

"Unaopita ni mdogo," Zuhura akasema. "Lakini LED haihitaji mwingi, inapata ka mwanga. Balbu ya zamani isingeonyesha kitu. Ingekaa kimya, na hatari iko pale pale."

"Hatari kiasi gani?" nikauliza.

"Ukuta ungelowa zaidi, na mama yuko pekupeku. Mnanielewa."

Mama mdogo alikuwa amekaa barazani anasikiliza yote.

"Kwa hiyo ule mkono?"

"Ulikuwa umeme, mama."

"Na mwanga?"

"Umeme pia."

Akajifunika kanga usoni. Siku ya mazishi alijikaza, lakini hapo alilia mpaka Zuhura akaweka vifaa chini akaenda kukaa naye. Nilimwokoa mama mdogo, na papo hapo nikamfisha mumewe mara ya pili. Sijui kama mtu anaweza kunielewa.

Zuhura alivuta nyaya mpya, akageuza swichi, akaweka waya wa ardhini na kikata umeme kinachojizima chenyewe umeme ukivuja. Mimi nikapanda kuziba bati. Sasa taa ikizimwa inazimika.

Nilichojifunza: LED ni nzuri, zinaokoa umeme, hazichomi, zinadumu, na mimi kwangu nimebadilisha zote. Lakini taa ikibaki na mwanga umeizima, usikimbilie mganga wala usiibadilishe tu ukadhani umemaliza. Wakati mwingine ni kitu kidogo, kama swichi yenye ka taa ndani. Wakati mwingine nyumba inakuomba msaada. Ita fundi anayejua kazi, na ukuta ukikutekenya usiuguse tena.

Juzi nilipita Ng'ambo jioni. Mama mdogo yuko chumba cha uani na majirani wawili, wanabangua karanga, taa inawaka kikamilifu. Nikamuuliza anaendeleaje.

"Nilikuwa nakaa namsubiri aniwashie," akasema. "Siku hizi naiwasha mwenyewe."

Mafundi wa humu, nirekebisheni nilipoelezea vibaya. Na wewe ambaye taa ya kwako inabaki na nuru ukiizima, hebu tuambie ni chumba cha nani.