Mbwa Aliyekuja kwa Mlio wa Nyundo

Naanza na lililo langu, maana nikianza na la mwenzangu nitakuwa nimejipendelea. Mafuta niliyamwaga mimi.

Nimeshawasimulia watu wengi nikisema "mafuta yalimwagika." Nikirudi nyumbani nikafungua daftari naona hapana, mafuta hayakumwagika yenyewe. Mbwa aliingiza kichwa kwenye beseni la samaki waliotoka karaini, akaondoka na kipande kikubwa kuliko vyote, nami nilikuwa nimeshika upawa. Nilichota nikamrushia. Zamani nilikuwa najiambia kwamba nilishika tu kilichokuwa karibu, lakini jagi la kunawia wateja lilikuwa karibu zaidi. Nilijua upawa ulikuwa umetoka wapi.

Alipiga ukelele mmoja mrefu, akaangusha samaki, akakimbia kimya. Mteja mmoja aliyekuwa benchini akasema, "Leo kakiona cha moto!" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Nimeandika hilo na kulifuta mara mbili, sasa naliacha.

Nakaanga samaki Igogo, kando ya barabara inayoshuka ziwani. Nimeishia darasa la saba, kuandika kwangu ni kwa mazoea tu, sijui kama kunasomeka. Hatua kama kumi na tano kutoka jiko langu anakaa fundi viatu chini ya turubai, na meza yake ya mbao, na kile chuma chenye umbo la mguu. Ni kijana kwangu, ananiita mama, lakini ulimi wake haujui umri wa mtu.

Mbwa yule ni jike, rangi ya udongo mkavu. Simtetei kwamba hakuiba. Aliiba, na wale samaki ndio waliokuwa wanalisha nyumba yangu. Ila mwizi wa samaki hamwagiwi mafuta, na kama angekuwa mtoto wa mtu nisingemmwagia. Hapo ndipo ninaposhindwa kila nikijitafutia sababu.

Baada ya wiki mbili hivi akarudi. Manyoya yalikuwa yametoka kuanzia bega mpaka karibu na mkia, nyama nje, inzi juu. Alipita upande wa pili wa barabara, akazunguka, akaingia chini ya meza ya fundi akalala. Fundi alimtazama. Akaenda kwa mafundi pikipiki akaleta oili chafu kwenye kifuniko cha chupa, akampaka kwa kipande cha soksi. Sijui kama ile ni dawa. Inzi waliondoka.

"Huyu ni mteja wangu," akawa anawaambia watu. "Hana viatu, hana haraka, na wala haniambii kesho."

Nisimfanye fundi malaika. Alikuwa anampiga teke mbwa yule akimzibia njia. "Sogea huko!" Lakini mbwa alisogea kidogo tu, akalala tena. Teke la fundi alilielewa. Kila asubuhi fundi akianza kugonga soli, mbili nyepesi, moja nzito, mbwa alitokea upande wa mtaro na kuingia chini ya meza kama mtu anayeingia kazini.

Nilianza kumwachia vichwa vya sangara. Naviweka kwenye karatasi katikati ya jiko langu na meza ya fundi, narudi. Alikuwa hali mpaka niwe nimekaa, na mikono yangu ionekane. Nikiinua upawa, aliondoka hata kama kichwa kilikuwa mdomoni. Nikabadilisha upawa nikatumia kijiko bapa. Haikusaidia. Alikuwa ameujua mkono.

Nililisema jambo hili kwenye kitubio. Padri aliniuliza kama nina dhambi nyingine. Nikataja mbili tatu, akanipa malipizi, nikayatimiza. Nilipotoka kanisani nilikwenda moja kwa moja kuweka kichwa cha samaki, na mbwa akasubiri nikae kama kawaida.

Nilitaka nini? Nimejiuliza sana. Nilisema nataka apate maisha mengine, ale, awe na mtu. Labda nilitaka tu anisogelee siku moja watu wakiona. Kwa miezi kadhaa tulitoka hatua kumi mpaka nne. Hapo akagoma.

Ndipo likapita tangazo. Pikipiki yenye spika ilishuka barabara yetu ikisema kuna mtoto mtaa wa juu ameng'atwa na mbwa mwenye kichaa, na kwamba mbwa wote wapelekwe uwanja wa shule Jumamosi wakachanjwe na kufungwa mikanda. Kuanzia Jumatatu, mbwa asiye na mkanda shingoni atauawa. Siwezi kusema walikosea. Mtoto yule ni mtoto wa mtu, na alikuwa anachomwa sindano.

Nikamwendea fundi.

"Fundi, Jumamosi naomba unipelekee yule mbwa shuleni."

"Mbwa huyu ni wa nani?"

"Si wa mtu."

"Basi apelekwe na huyohuyo si mtu."

"Fundi, sitanii. Kwako anashikika."

"Mama, nikifika pale wataandika jina langu. Kesho aking'ata mtoto wa watu, atatafutwa nani? Wewe utakuwa unageuza samaki."

"Waandike jina langu mimi."

"Mwenye mbwa gani mbwa akimwona anakimbia? Hata mwizi mbwa wake anamjua!"

Waliokuwa wanasubiri viatu wakacheka, nami nikacheka kwa sababu ilikuwa kweli. Na hofu yake ilikuwa ya haki. Ana watoto wadogo, na maneno ya mtaani huanzia kwa yule aliyeonekana ameshika kamba.

Lakini Jumatano nilimkuta anakata mkanda wa begi la ngozi lililotupwa. Akautoboa matundu matano, akaushonea kifungo cha chuma, akaupaka rangi nyeusi. Hakusema ni wa nini. Alinirushia tu. "Jumamosi saa tatu. Na usije na harufu yako ya kaango."

Ijumaa asubuhi alipigiwa simu kutoka Ukerewe. Mama yake alikuwa amefariki. Nilimwona akikusanya vitu vyake, akivitia kwenye sanduku kimoja kimoja, halafu anavitoa, anavitia tena. Akaniletea sanduku nimtunzie kama siku zote anaposafiri.

"Mama, yule mteja wangu..." akasema, akashindwa kumaliza.

"Nenda baba. Wahi meli. Mama ni mama."

Sikumlaumu siku ile, na leo simlaumu. Mimi ndiye niliyebaki na mkanda mkononi na mbwa asiyenitaka.

Jumamosi sikuwasha jiko. Nilioga mara mbili, nikajisugua mikono kwa majivu na ndimu. Kisha nikafungua sanduku la fundi. Hakuwa ameniruhusu. Nilitoa aproni yake iliyojaa gundi na rangi, nikaivaa, nikatoa chuma na nyundo na kiatu kimoja kibovu, nikakaa kwenye kigoda chake chini ya turubai. Kamba nilikuwa nimeifunga tayari kwenye mkanda. Nikaanza kugonga. Mbili nyepesi, moja nzito. Mwanzoni nilikosea, nilikuwa nagonga kama mtu anayevunja nazi. Muuza vocha wa ng'ambo akapaza sauti, "Mama, samaki wamegoma leo?" Sikumjibu, nisije nikasikika.

Akaja. Alitokea mtaroni kichwa chini, hakuangalia juu, akaingia chini ya meza, akajizungusha mara moja, akalala. Mgongo wake ukaegemea mguu wangu. Ile sehemu isiyoota manyoya ilikuwa ya joto na laini. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumgusa. Hata siku ile nilipomuunguza sikumgusa.

Niliendelea kugonga. Kutoka shuleni nilisikia mbwa wa watu wakibweka foleni. Nilijua kwamba nikimwacha alale, Jumatatu itamkuta hana mkanda. Nikimshika, nitamshikia mahali pekee ambapo hakuwahi kushikwa. Niligonga mpaka mkono ukauma, nikitumaini sijui nini, labda kwamba fundi angetokea kwenye kona.

Kisha nikaacha kugonga. Hapo nadhani nilikosea. Fundi akiacha kugonga huongea, hukohoa, humtukana mtu. Mimi nilinyamaza kabisa. Niliinama, nikapitisha mkanda shingoni mwake, kifungo kikaingia tundu la tatu, na wakati huohuo akageuza uso akaniona.

Alipiga ukelele uleule. Aliniuma kiganja cha kulia, meno yakaingia pande zote mbili, kamba ikachomoka kwenye mkanda, naye akavuka barabara na mkanda wake, akapotea kwenye mtaro.

Nilifika uwanja wa shule nikiwa na mkono badala ya mbwa. Bwana mifugo alikuwa katikati ya foleni, jasho linamtoka.

"Shikamoo daktari," nilisema, ingawa ni mdogo kwangu, nilichanganyikiwa.

"Mama, unaniamkia mimi? Ulikuwa unamfanya nini huyo mbwa?"

"Nilikuwa namsaidia."

"Wengi wenu mnang'atwa hivyohivyo," akasema.

Akanipeleka bombani yeye mwenyewe, akaniosha kwa sabuni, maji yakitiririka muda mrefu mpaka nikaona aibu kwa foleni. Akaniambia niende zahanati siku ileile nikaanze sindano. Aliuliza mbwa anafananaje. Nilisita. Nilidhani nikimtaja nimemuua. Lakini barabara ile wanapita watoto wa shule, nikaona sina haki ya kunyamaza. Nikasema kila kitu, kovu, rangi, mkanda mweusi, na kwamba hajachanjwa.

"Huyo asiuawe," akawaambia vijana wa kazi ya Jumatatu waliokuwa wamesimama pale. "Mbwa aliyeuma anaangaliwa siku kumi. Akiwa mzima siku ya kumi, hana kichaa. Mkimuua kabla ya hapo, huyu mama tutajuaje?" Kisha kwangu: "Wewe ndiye utakayemwangalia. Kama anakula, kama anatembea sawa."

Kwa hiyo kilichomwokoa ni kuniuma. Mkanda wa fundi ulisaidia wamtambue, lakini kusema ni mimi niliyemwokoa ningekuwa nadanganya.

Jumatatu walipita. Sitaandika yote. Gari lilikuwa dogo, likarudi mara ya pili.

Siku zile kumi nilikaa jikoni mkono umefungwa bendeji, dada yangu amekuja kutoka Kiseke kunikaangia, mimi nikiangalia ng'ambo. Mbwa alikuwepo. Alikula takataka za samaki kule mwaloni, mitumbwi inakoshushia, akigombana na makorongo, na alitembea sawa. Vichwa nilivyomwekea hakuvigusa hata nikiwa nimekaa, hata nikiwa nimeficha mikono. Chini ya meza ya fundi hakuja tena.

Siku ya kumi nilikwenda kumwambia bwana mifugo kwamba ni mzima. Akafurahi, akasema, "Basi mleteni achanjwe, yaishe." Alisema mleteni, kama jambo jepesi.

Niliporudi nilimkuta fundi amerejea, amenyoa kichwa kwa ajili ya msiba. Nikampa pole, tukaongea juu ya mama yake. Kisha nikamrudishia sanduku na kumweleza yote, kwamba nililifungua, nikavaa aproni yake, nikakaa kwenye kigoda chake. Nilitegemea anitukane. Alitazama bendeji.

"Ulifunga tundu la ngapi?"

"La tatu."

"Halimbani?"

"Sidhani. Anakula vizuri."

"Mkono je?"

"Nimebakiza sindano moja."

Nikamwambia na maneno ya bwana mifugo. "Hilo si neno," akasema. Akapanga vitu vyake, akavaa aproni, akaweka kiatu juu ya chuma, akagonga. Mbili nyepesi, moja nzito. Mimi nilikuwa nimejitenga mbali, nyuma ya jiko langu, nisionekane.

Mbwa akatokea mtaroni. Alisimama ng'ambo ya barabara, masikio juu, mkanda mweusi shingoni. Fundi akacheka kidogo. "Mteja wangu! Njoo, mimi nimerudi!" Akagonga tena. Mbwa alisikiliza. Aliinua mguu mmoja wa mbele, akaushusha palepale. Kisha akalala kule alikokuwa, juani, uso ukituelekea.

Fundi alikaa na nyundo mkononi.

"Mama," aliniita bila kugeuka, "ulikuwa unagonga hivihivi?"

Mwanzoni nilikuwa nimekosea mapigo, na ningeweza kulishika hilo nikasema hapana, si hivyo hasa.

"Hivyohivyo," nikasema.

Akaiweka nyundo chini, akachukua sindano akaanza kushona.