Ini la Wazee

Nilipokuwa mtoto sikula chochote cha kijani, na nilijivunia hilo. Ndizi ya kuchemsha, sawa. Uji mweupe, sawa. Lakini Cucu, bibi yangu mzaa baba, alipoponda mukimo wa viazi na majani ya malenge mpaka chungu kizima kikawa rangi ya nyasi, nilifunga mdomo. Mama alibembeleza. Cucu hakuwa wa kubembeleza.

"Chakula unachokiacha jioni kinaliwa na nkoma," alisema. Nkoma ni roho za wafu wetu. "Na wale hawana macho. Wakizoea sahani yako, watakuja kuazima macho yako."

Niliona ni maneno ya uzee. Mukimo niliwamwagia kuku nyuma ya ghala.

Halafu jioni moja nikatumwa kumfungua mbuzi chini ya shamba. Jua lilikuwa limeingia nyuma ya migomba, lakini uani watu bado walikuwa wanachambua maharagwe. Nilipomfikia mbuzi, dunia ikazimika kama mtu amenifunika blanketi. Namsikia akitafuna, simwoni. Nikakimbia, nikajitosa kwenye ua wa kayaba. Miiba ikanishika gauni, na mimi nikajua ni kina nani walionishika.

"Wacha mchezo!" dada yangu Kendi akanipigia kelele. "Si nyumba hiyo mbele yako?"

"Nyumba gani?"

Akaja akanishika mkono. Kendi hakuwa mtu wa kumshika mtu mkono. Hapo ndipo nilipoogopa kabisa.

Ikawa hivyo kila jioni. Mchana naona hata tundu la sindano. Jua likishuka, nimeshika nguo ya mama, nasikiliza kila jani linalotikisika, nawangoja waje wauchukue na mchana wangu pia. Baba, Mkristo wa Jumapili tu, akamleta mganga. Mganga akasema nkoma wana njaa, achinjwe mbuzi.

Akachinjwa. Kwetu ini la mbuzi wa tambiko lilikuwa la wazee wa kiume. Mwanamke hata halisogelei. Wakaketi kulichoma, na mimi niliyekuwa naombewa macho nikawekwa kando nitazame moshi.

Cucu akatoka jikoni, akaenda moja kwa moja mpaka motoni, akalinyakua lile ini na kijiti chake.

"Mama, hilo ni la wazee," baba akasema, kwa sauti ya mtoto.

"Kuna mzee hapa asiyeiona njia ya kwenda kwake?" Akawatazama mmoja mmoja. "Basi macho yenu yameshiba."

"Nkoma watakasirika," mganga akasema.

"Wakasirike na mimi. Niko karibu kuwa mmoja wao, tutaelewana huko."

Akanipa mimi lile ini, nikala nikilia, nikingoja kufa. Sikufa. Tangu hapo Cucu alikaa mbele yangu kila siku kabla ya jua kuzama, na mukimo wake wa kijani, mpaka sahani ikauke. Sikubishana tena. Haukupita muda mrefu, magharibi moja nikauona mkono wa mama ukichochea chungu, kila kidole. Nikaushika, nikakataa kuuachilia.

Siku hizi nakaa kwa binti yangu, mtaa wa Kinoru. Mtoto wake anachambua sukuma wiki kwenye wali kama anayetoa chawa, na mamake anambembeleza kwa katuni za simu. Nilipomsimulia yangu, binti akasema, "Mama, hiyo ni vitamini tu ulikosa. Iko kwa mboga, iko kwa maini." Sawa. Kama Cucu aliijua dawa, au alichoka tu kuwaona wazee wakila, sijui. Hakunieleza, nami sikuthubutu kumuuliza.

Jana niliachiwa mtoto. Nikazima simu, nikaficha biskuti, nikampondea viazi na majani.

"Cucu, na nikikataa?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, na nkoma wake wote. Nikalimeza.

"Ukikataa utakaa na njaa, na mimi nitakaa na wewe."

Akanuna. Akanusa. Akala kidogo, kwa hasira. Inatosha kuanzia.

Sikumtisha, si kwa sababu nimekuwa mpole. Macho yangu yalirudi, lakini ule woga haukuondoka. Hata sasa jua likianza kushuka, naacha ninachofanya, natafuta kitu cha mbali, kamba ya nguo au jiwe uani kwa jirani, na sipumui vizuri mpaka nikione.