Fundi anayeshona mirija ya uzazi

Saa tatu asubuhi, fundi cherehani anageuza kipande cha flana nyekundu, ndani kuwa nje, na kukijaza pamba kwa ncha ya penseli. Kinachopatikana kina ukubwa wa ngumi. Kushoto na kulia anaunganisha mirija miwili myembamba, kila mmoja una urefu wa kidole. Karibu na ncha ya kila mrija anashikiza kifungo cheupe. Hivyo ndivyo vifuko vya mayai.

"Huu ni mfuko wa uzazi," anasema bila kuinua macho. "Watu wanadhani ni mkubwa kama ndoo."

Ana miaka arobaini na sita, na tangu akiwa na kumi na tisa ameshona sare, suruali na magauni ya harusi. Mifuko hii aliianza miaka minne iliyopita, kwa ajili ya zahanati ya jirani, ambako mkunga huitumia kufundishia wanawake.

Kilichomfikisha huko ni kifo cha mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa na miaka ishirini na saba, binti mmoja wa miaka minane, na mimba ya wiki saba ambayo waliijua yeye na dada yake tu. Asubuhi moja aliingia dukani hapa amejishika chini ya tumbo, upande wa kulia. Alisema bega nalo linamuuma, na anaona kizunguzungu.

"Nikamwambia, 'Jilaze hapo kwenye vitambaa, mimba changa ndivyo zilivyo.' Nilikuwa na gauni la bibi harusi la kumalizia." Fundi anakata uzi kwa meno. "Akasema, 'Dada, hii si ya kawaida.' Nikamcheka. Nikamwambia anadeka."

Saa saba mchana alijaribu kusimama, akaanguka. Walipofika hospitali, tumbo lilikuwa limeshajaa damu. Alifariki wakimwandaa kwa upasuaji.

"Daktari alisema mimba ilitunga kwenye mrija. Nikaitikia kwa kichwa tu. Mrija gani? Mimi nilijua mrija wa maji."

Alikaa na swali hilo karibu mwaka mzima, hadi mkunga wa zahanati alipoleta sare yake ipunguzwe. Fundi akajikaza, akauliza. Mkunga alichukua chaki akachora juu ya meza ya kukatia. Yai likitoka kwenye kifuko chake huingia kwenye mrija, alieleza. Humo ndimo hukutana na mbegu ya mwanamume, kisha husafiri siku kadhaa hadi kwenye mfuko na kujishikiza ukutani. La mdogo wake lilikwama njiani, likaanza kukua hapo hapo.

"Mfuko unavutika, mrija hauvutiki," anasema fundi. "Hilo nililielewa mara moja, mimi ni mtu wa vitambaa. Ukilazimisha mahali pembamba, panachanika."

Siku hiyo hiyo alishona mfano wa kwanza, huku akilia.

Sasa kila Jumatano huenda zahanati mwenyewe. Wiki iliyopita mama mmoja wa watoto wanne aliupima mfuko kiganjani. "Jamani, kadogo hivi! Yale majitu yangu yamekaaje humu?" Benchi zima likaangua kicheko. Fundi naye alicheka, kisha akawaambia: maumivu makali ya upande mmoja, damu isiyo ya kawaida, kizunguzungu, bega kuuma. "Usijilaze. Nenda hospitali."

Hakuwahi kuwaambia kwamba yeye ndiye aliyemwambia mtu ajilaze. Wala hakuwa amemwambia binti wa marehemu, ambaye sasa ana miaka kumi na mitatu na anaishi naye.

Kabla ya habari hii kuchapishwa, aliomba siku mbili. Hakutaka mtoto alisome jambo hilo gazetini. Alimweleza jikoni, wakichambua mchele.

"Akaniuliza, 'Mama mkubwa, ulijua?' Nikamwambia sikujua. Akaenda chumbani, hakula. Siku nzima hakunisemesha. Kesho yake akaja kukaa karibu na cherehani, akataka nimfundishe kila sehemu na kazi yake."

Mwalimu wa sayansi amewapa wawili hao kipindi kimoja mwezi ujao katika darasa la binti huyo, wasichana na wavulana pamoja. Binti ameomba sehemu ya mirija aieleze yeye.

"Sijui kama amenisamehe," anasema fundi. "Ila ameniambia nikishindwa kuendelea, yeye atamalizia."