Nakala za Mkurugenzi

Ofisi yetu ipo mtaa wa Picha ya Ndege, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kazi yetu ni kupima viwanja. Wapimaji wanakwenda Kisarawe, wanarusha droni, wanarudi na maelfu ya picha za mashamba ya mihogo na mapaa ya mabati, na picha hizo ndizo zinazogeuka ramani. Mimi niliajiriwa kama katibu muhtasi. Siku moja nikafanikiwa kuiamsha printa iliyowashinda wenzangu, na kuanzia hapo nikawa mtaalamu wa kompyuta wa kampuni.

Kisha seva ikajaa. Tulikuwa tunaandaa ramani ya kijiji kimoja huko Kurui. Mpimaji mkuu akabonyeza kuhifadhi, kompyuta ikamjibu kwamba nafasi hakuna. Kwa kawaida tungenunua diski nyingine tukaipachika juu ya zile za zamani, maana rafu yetu ilishaanza kufanana na matofali yaliyopangwa yakisubiri fundi. Lakini safari hii mkurugenzi alikataa.

"Tatizo si diski," alisema. "Tatizo ni usimamizi. Tunanunua programu ya kusimamia hifadhi ya data. Mambo ya kisasa."

Mkurugenzi wetu ni mzee wa Kizaramo, mzaliwa wa Kurui hukohuko, mtu wa swala tano na kanzu ya Ijumaa iliyopigwa pasi hadi inasimama yenyewe. Aliunda Kamati ya Tathmini: yeye mwenyekiti, mpimaji mkuu mjumbe, mimi katibu. Tukakaa kupanga vigezo. Mpimaji alitaka programu nyepesi. Mimi nilitaka yenye mtu anayepokea simu mambo yakikwama. Mwenyekiti alitaka ilete nidhamu, kwa sababu alikuwa na hakika kwamba seva imejazwa na filamu.

"Filamu za nani, mzee?" mpimaji aliuliza.

"Wenyewe wanajijua," mkurugenzi alijibu akimtazama yeye.

Wauzaji wa kwanza walikuja wawili kutoka Dar, wamevaa suti katika joto lile, na maelezo yao yalikuwa na neno "suluhisho" kila baada ya pumzi. Mpimaji alipowauliza programu inafanyaje kazi, walimwonyesha picha ya Mzungu anayecheka mbele ya kompyuta. Mkurugenzi alivutiwa sana. Mimi niliandika kwenye muhtasari kwamba wageni waliondoka salama.

Wa pili alikuja peke yake, dada mmoja mwenye kompyuta ya mkononi na sauti ya upole. Alimwamkia mkurugenzi shikamoo, akaitikiwa, kisha akatuuliza swali ambalo Kamati haikuwa imelifikiria.

"Humo kwenye diski zenu kuna nini?"

Tulitazamana. Mkurugenzi akasema, "Ndiyo tunataka utuambie, mwanangu. Usimfiche mtu."

Dada akaunganisha kompyuta yake na seva, akawasha projekta, na tukiwa tunakunywa chai programu ikapita kwenye diski zote. Ilipomaliza, ukutani lilitokea duara lenye rangi, kila mtu na kipande chake. Kipande cha mpimaji kilikuwa chembamba kama ukucha. Kipande kilichomeza karibu duara zima kilikuwa chekundu, na pembeni yake paliandikwa: Mkurugenzi.

Hakuna aliyeinua kikombe.

"Kuna video moja," dada alisema taratibu, kama daktari anayetoa majibu, "ina nakala nyingi mno. Ipo kwenye kila diski, hadi ndani ya mafaili ya viwanja. Jina lake 'Usifute'." Na kabla sijamkanyaga mguu, akaifungua.

Ukutani ikatokea dari ya makuti, ikakaa hivyohivyo, haisogei. Jogoo akawika. Chini kabisa ya picha ulionekana mkono wa bibi ukipepeta kitu, na sauti yake ikaanza kusema Kizaramo, kikichanganyika na Kiswahili kila alipokasirika.

"Weka hicho kidude chako, baba. Wali unapoa."

Mkurugenzi alisimama. Nilidhani atazima projekta, lakini alisimama tu, mikono nyuma.

"Huyo ni marehemu mama," alisema.

"Pole, mzee," tulisema wote pamoja, na mpimaji, aliyestahili kufurahi kuliko sote, alikuwa ameinamisha kichwa.

Ndipo mzee akatusimulia. Simu yake iliwahi kuibwa ikiwa na picha zote za mama yake. Ikabaki video hii tu, aliyoipiga mchana mzima akiwa ameiegemeza simu nyingine kwenye kopo la unga, bila kujua kwamba inatazama juu. Hakuamini tena kifaa chochote. Kila diski mpya ilipoingia ofisini, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweka kitu. "Nikiona nafasi, naweka," alisema. Sisi tulidhani anakagua.

Dada wa watu alijitahidi kuokoa biashara yake. "Programu hii ndiyo inayokufaa, mzee. Inafuta nakala zilizozidi, inabakiza moja, na hiyo moja inatunziwa akiba kwenye seva za mbali."

"Mbali wapi?"

"Nje ya nchi."

Mkurugenzi alitafakari. "Mama yangu hakuwahi kuvuka hata Mto Ruvu," alisema.

Hata hivyo alikubali majaribio, kwa sharti moja ambalo halikuwa kwenye vigezo vyetu: video ifunguke Kurui, nyumbani kwao, mbele ya dada yake. Kwa hiyo mimi na yeye tulikwenda, na gharama nikaziandika kama ukaguzi wa eneo la mradi. Dada yake, bibi mwenye macho makali, alitukaribisha mkekani. Mtandao ulikuja, ukaondoka, ukarudi. Mwishowe dari ya makuti ikatokea kwenye simu, na sauti ikasema wali unapoa.

Mkurugenzi akafuta macho kwa ncha ya kanzu. "Wali wa mama," alisema. "Sijawahi kula tena wali kama ule."

"Wali nilipika mimi," dada yake alisema.

"Wewe?"

"Mama alikuwa anapepeta choroko, si unaona mkono? Mimi nilikuwa jikoni na moshi. Na wala haukuwa unapoa, ndiyo kwanza nimeuepua."

Mkurugenzi akautazama tena ule mkono kwenye simu. Mtu baki hawezi kukwambia hivyo, ila dada anaweza, na dada alikwisha kusema. Kisha wote wawili wakaanza kucheka, wakacheka mpaka video ikakatika yenyewe.

Tuliinunua programu. Jambo la kwanza alilotufanyia yule dada muuzaji lilikuwa kuitenga "Usifute" ili programu isiiguse, nakala zake zote, popote zilipo. Tukawa tumenunua programu ya kupunguza nakala na kuikataza kupunguza. Ili ramani ya kijiji ipate pa kukaa, tulinunua diski nyingine. Kwenye ripoti ya Kamati niliandika kwamba bidhaa imekidhi vigezo vyote, mwenyekiti akasaini.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilipita kwa mama yangu Kongowe nikamwambia nataka kumrekodi kidogo.

"Kunirekodi nini?" alishtuka. "Daktari amekwambia nini?"

Nilimwapia kwamba hakuna daktari. Akaingia ndani, akakaa huko muda, akatoka amevaa kitenge cha kwaya, akaketi wima mbele ya simu yangu mikono magotini, na hakusema neno hata moja.