Viti vya Mazishi ya Baba

Siku tunamzika baba, hapa Kumasi, ukoo mzima ulilia kasoro Pokuaa. Yeye alikuwa bize na viti.

Sitanii. Mtoto wa shangazi yangu, mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, anahamisha viti vya plastiki, anavipanga, anavihamisha tena. Akaniletea kimoja.

"Kaa, kaka."

"Hebu niondolee balaa hapa," nikamwambia, mbele za watu.

Pokuaa ana usonji. Mimi nilikuwa nasomea shahada ya pili, na tasnifu yangu ilihusu watu kama yeye. Basi nikamtia humo, ruhusa sikuomba.

Niliandika: "Mshiriki hakuonyesha huzuni yoyote kwenye mazishi ya mjomba wake. Watu hawa hawahisi uchungu wa wenzao."

Msimamizi wangu akaisifu. Mwaka uliofuata gazeti likachapa kipande hicho na picha yangu juu. Nikavimba kichwa, siwadanganyi.

Mwezi huohuo Pokuaa alikuwa ameahidiwa kazi ya maktaba, shule ya msingi ya mtaani kwetu. Aliisubiri miaka minne. Mwalimu mkuu akamwita ofisini, gazeti liko mezani.

"Kaka yako msomi anasema hamna huruma. Wazazi nitawaambia nini?"

Kazi ikaota mbawa.

Shangazi akanipigia simu. Hakunitukana, na bora angenitukana.

"Ofosu, video ya mazishi umewahi kuitazama?"

Sikuwahi. Ilikaa kabatini tangu mpiga video atuletee.

Nikaiweka. Jua linasogea, kivuli cha turubai kinasogea nalo, na kila kikisogea Pokuaa anahamisha viti vya wazee. Bibi yetu, miaka tisini, hakupigwa jua hata dakika moja.

Nyuma yao nipo mimi, najiliza huku nachungulia kama kamera inanichukua. Niliona aibu nikazima.

Nikaenda kwao. Pokuaa alikuwa jikoni anamenya ndizi.

"Siku ile, kwa nini viti?"

"Mjomba alinituma, akiwa hospitali. Alisema mama yake asikae juani. Akasema na Ofosu miguu itamwishia nguvu, mpe kiti."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza." Akachukua ndizi nyingine.

Nimeandika gazetini kwamba nilikosea. Wakanipa mistari mitatu, chini ya matangazo ya vifo. Nimeenda shuleni nikapiga magoti kwa mwalimu mkuu, akaniambia nafasi imeshapata mtu. Pokuaa bado yuko nyumbani, na ni mimi niliyemweka pale.

Wewe msomi mwenzangu unayeandika "watu hawa", huenda mmoja wao yuko jikoni kwenu sasa hivi. Inuka ukamuulize kabla hujashika kalamu. Mimi niliona uvivu wa kutembea hatua kumi.

Juzi nilirudi kwake. Nikasimama mlangoni.

Pokuaa akasukuma kiti upande wangu.

"Kaa, kaka."

Safari hii nilikaa.