Mwiba wa kwanza ulikuwa wa mkonge, wa pili nilijichoma mwenyewe miaka arobaini

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa juu na wa chini.

Mimi ni mzee wa Korogwe, shule niliachia darasa la nne, kwa hiyo anayetaka kusahihisha herufi zangu aanzishe uzi wake. Ninachoandika hapa kimenipata mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi.

Mwaka 1983, nina miaka ishirini. Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Nilikuwa nakata mkonge upande wa Mazinde. Nilikuwa na mdogo wangu wa tumbo moja, tuliyeshuka naye kutoka kwetu Handeni. Nitamwita Mhina. Tulilala chumba kimoja, tukipika sufuria moja.

Sasa sikilizeni ugomvi wenyewe ulivyokuwa wa kijinga.

Nilikuwa na shati jipya. Vijana hamjui, mwaka ule nguo ilikuwa ya foleni, unapanga mstari toka alfajiri na unaweza kurudi mikono mitupu. Mhina akalivaa bila kuniambia, akaenda nalo ngomani Mombo. Likarudi limechanika kwapani.

Tukanuniana. Siku tatu tunakula sahani moja hakuna anayemsemesha mwenzake.

Siku ya nne tuko shambani, mistari inafuatana. Mkata mkonge yeyote anafundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: ondoa mwiba wa ncha kwanza, ndipo uiname. Mimi mkono ulikuwa kwenye mkonge, akili iko kwenye shati. Nilikuwa namtukana Mhina kichwani, natunga maneno nitakayomwambia jioni.

Nikainama.

Mwiba ukaingia jicho la kulia.

Watu walipokuja mbio, wakauliza imekuwaje. Nikasema, "Mhina. Kavuta jani likanirudia."

Habari ikafika Handeni kwa mzee wetu. Mhina akaitwa mbele ya wajomba, akapiga magoti. Hakukataa hata neno moja. Alisema tu, "Nisamehe kaka."

Sikumsamehe. Akarudi kulima mahindi kijijini, mimi nikabaki Korogwe. Hata mzee wetu alipofariki tulisimama pande mbili za kaburi.

Naruka miaka mingi, maana ya kutafuta maisha kila mtu anayo yake. Nilibeba kuni kichwani, nikabeba kwa baiskeli, nikaja kununua Fuso kuukuu. Sikusaidiwa na mtu. Nikajenga Kwamndolwa. Nikaoa, nikazaa wawili.

Lakini nilikuwa mtu wa miwani nyeusi. Asubuhi miwani, msikitini miwani, harusi ya binti yangu miwani. Picha sipigi. Kioo ndani ya nyumba nilikataza, marehemu mke wangu alikuwa anajitazama kwenye dirisha la jirani. Ndevu nanyoa kwa kupapasa.

Mke wangu alipofariki, nyumba ikawa kubwa ghafla. Watoto wako Dar. Kila asubuhi wananitumia picha ya ua kwenye simu, nami natuma dole gumba. Ndiyo mazungumzo yetu hayo.

Mchana nawasha TV siitazami, nataka tu kuwe na mtu anaongea. Kuna siku nilikaa toka Ijumaa hadi Jumatatu, nikagundua sijatoa sauti zaidi ya swala na kumfukuza kuku.

Na kila nilipobaki peke yangu nilimlaumu Mhina. Hata chai ikipoa, ni Mhina.

Sasa biashara yangu ya kuni ikanipandisha Dindira. Viwanda vya chai vinakausha majani kwa moto, kwa hiyo napeleka magogo ya mikaratusi. Kushusha kunachukua saa mbili, tatu. Kulikuwa na fundi wa boila, mzee mwenzangu, Msilanka. Dini yake Mbudha. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza.

Siku moja tumekaa kwenye gogo, akanitazama akasema:

"Mzee, jicho nini?"

Wakuu, Korogwe nzima hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Wananisemea pembeni. Nikajibu kwa ukali, "Mdogo wangu."

"Leo nauma?"

"Litaumaje? Lilikufa 1983."

"Sasa, nini nauma?"

Nikainuka nikajifanya nakagua tairi.

Aliponiona safari iliyofuata akaendelea palepale, kama hatukuachana. Akasema kwao wanafundishwa hivi: "Mwiba moja, mkonge. Hiyo bahati mbaya. Mwiba mbili, wewe. Kila siku wewe nachukua, nachoma hapa." Akajigonga kifuani.

Nikamwambia, "Wewe shughulika na boila lako."

Akacheka. "Boila nachemka, fundi nafungua kidogo mvuke. Wewe mzee, mvuke nafunga yote."

Akanionyesha wanavyokaa kwao. Hakuna uchawi wala ubani. Unakaa, unavuta pumzi, unajua unavuta. Unatoa, unajua unatoa. Wazo likija huligombezi, unaliona, unaliacha lipite kama gari la mwenzio. Basi.

Kabla hamjaanza: sikubadili dini. Naswali zangu tano. Na imamu wetu nilipomweleza alisema mtu akitulia hata swala yake inanyooka. Anayetaka kubishana akabishane naye.

Nikaanza kujaribu ndani ya Fuso wakati vijana wanashusha magogo. Wiki tatu za kwanza naona kuni tu. Navuta pumzi, kuni. Natoa, tairi.

Halafu siku moja nikiwa nimetulia, likaja lile shamba. Nikauona mkono wangu. Nikaliona jani, mwiba wake uko palepale, sijautoa. Na Mhina nikamwona alipokuwa: hatua kumi mbali nami, anafunga majani yake. Asingeweza kuvuta jani langu hata angekuwa na mikono ya mpira.

Wakuu, nisiwadanganye. Sikugundua siku ile. Nilikuwa najua toka 1983. Nilikuwa nimelikalia tu.

Nikamwambia yule Msilanka. Nilidhani ataniona mtu mbaya. Akanimiminia chai, akasema, "Kijana ishirini, damu usoni, naogopa. Huyo kijana pia huruma kidogo." Kwa hiyo mtu wa kwanza niliyetakiwa kumhurumia alikuwa mimi mwenyewe. Hilo lilinishinda kuliko yote. Kujisifu nilijua. Kujihurumia sikujua.

Safari ya kwenda kwa Mhina ilinichukua miezi. Mara mbili nilifika Handeni mjini, nikanywa chai, nikageuza. Mzee mzima, mwenye gari lake, naogopa kumkabili mpukuchua mahindi.

Mara ya tatu nikafika. Nikamkuta uani amekaa kwenye kigoda, kweli anapukuchua mahindi. Amekonda, kifua kinamsumbua. Akainua kichwa.

"Shikamoo kaka."

Kama tumeachana jana.

"Marahaba." Nikasimama kama mlingoti. Kisha nikasema yote kwa mkupuo, maana ningepumzika ningekimbia. "Mhina, hukuvuta jani. Niliinama bila kutoa mwiba. Nilikusingizia."

Akaendelea kupukuchua. Hindi likaisha, akachukua jingine.

"Najua kaka. Nilikuona."

"Ulinionaje?"

"Niliona unainama na mwiba upo. Nikafungua mdomo nikuite. Nikakumbuka umeninunia siku tatu, nikasema, muache. Nikaufunga." Hapo ndipo mikono yake ikatulia. "Kwa hiyo uliposema ni mimi, sikuona uongo."

Damu ilinipanda, nawaambia kweli. Neno moja tu la kuniita na ningekuwa na macho mawili! Ngumi ilishajikunja.

Nikavuta pumzi, nikijua navuta. Nikatoa.

Nikamwona vizuri. Huyu naye alikuwa na mwiba wake, amejichoma nao miaka ileile arobaini, tena bila Fuso.

Nikavuta hindi, nikakaa chini. Nikasema, "Na lile shati lilikuwa linanibana."

"Ndiyo maana lilichanika!" akasema. "Mimi si nilikuwa mnene kuliko wewe?"

Tukacheka mpaka kikohozi kikamshika, mkewe akatoka ndani akidhani tunapigana.

Tulipata miezi saba. Nilikuwa naenda kila wiki mbili. Hatukuwa na maneno mengi, tunapukuchua tu. Mwezi wa nane akafariki.

Msibani walikuja watani zetu Wanyamwezi, wajukuu wa manamba, wale vibarua wa mkonge wa zamani. Mnajua mtani hana adabu penye msiba, na humkasirikii. Bibi mmoja akajifunga kitambaa jicho moja, akatembea mbele ya watu kifua mbele, mikono nyuma, mimi kabisa!

"Mtazameni tajiri wa kuni! Analia nusu msiba! Nusu iliyobaki tumwachie nani?"

Watu wakanigeukia. Wanajua hasira zangu.

Nikavua miwani. Mara ya kwanza mbele ya watu. Nikamsogezea uso. "Mtani, chungulia vizuri. Na hili bovu linatoa machozi."

Akachungulia. Akavua kitambaa, akanifuta nacho, pande zote mbili.

Funzo langu ni fupi. Penye kazi, akili iwe kwenye kazi. Kilichokuchoma kimeshachoma, usikichukue ukaendelea nacho. Na ukimnunia ndugu, angalau akiinama mwite.

Upweke haujaondoka. Jana nimekula mwenyewe, nitakula mwenyewe na leo. Ila TV sasa nazima.

Nani humu ana mtu aliyemnunia, na kisa chenyewe ni kama shati? Andikeni, nasoma zote, kusoma polepole ninaweza.

Nilichonacho leo:

Nyumba ya vyumba vinne, Kwamndolwa.
Fuso moja.
Ekari tatu za mikaratusi.
Kuku kumi na mmoja.
Kioo kimoja, kipo ukutani.
Jicho moja.
Mdogo, sina.