Mwandiko Ndani ya Saa ya Baba

Pale dukani walimwita Lenzi, kuanzia meneja mpaka walinzi wa mlangoni. Miaka kumi na minane ya kubana lenzi kwenye jicho la kulia ilimwachia duara hafifu usoni, duara lisilotoka kwa sabuni wala kwa usingizi. Duka lilikuwa la vioo kutoka sakafuni hadi darini, na saa zililazwa humo juu ya ngozi laini kama watoto wa mfalme. Wateja hawakuwahi kumwona Lenzi. Karakana ilikuwa nyuma ya mlango usio na kishikio kwa upande wao, na huko ndiko alikoshinda na koti lake jeupe, akifungua na kufunga saa za watu ambazo bei ya mkanda tu ingemlipia kodi ya nyumba.

Ufundi alirithi kwa baba yake, aliyekuwa na meza ya mbao chini ya ngazi za jengo la ofisi. Mzee alianza kumfundisha binti yake huyu akiwa na miaka tisa, na kabla ya kumwonyesha spring wala skrubu, alimfundisha kuandika. Fundi akifungua saa, alimwambia, anachora vitu vitatu kwa ncha ya sindano ndani ya kifuniko cha nyuma: tarehe, alama yake, na alichokifanya, kiwe kizuri kiwe kibaya. Umepoteza skrubu ukatia ya saa nyingine? Andika. "Fundi asiyeandika kosa lake ni mwizi," mzee alikuwa akisema, "maana atakayekuja baada yako atalitafuta gizani." Mwenye saa anaweza kuivaa mpaka azikwe asiyaone maandishi hayo. Ni barua za mafundi kwa mafundi.

Dukani barua hizo zilikuwa mwiko. Meneja, mtu wa sauti ya upole na sheria nyingi, alitaka kila saa itoke karakana kama imezaliwa asubuhi ile. Mikwaruzo ya nje iondoke, na ya ndani iondoke vilevile, kwa sababu siku hizi kuna wateja wanaopiga picha mpaka matumbo ya saa zao. Mwaka wa kwanza Lenzi alinung'unika. Mwaka wa pili akazoea, na mazoea yana taabu. Mkono wake ukajifunza kufuta bila kumuuliza mwenyewe.

Sasa Baba alikuwa haoni. Presha ya macho ilianzia pembeni ikala kidogo kidogo kuelekea katikati, ikamwachia mwanga wa dirisha tu. Meza ya chini ya ngazi ikafungwa, naye akahamia chumba cha mbele nyumbani kwa bintiye, kwenye kiti kinachotazama barabara asiyoiona. Mkewe alikwisha kufa zamani, Lenzi akiwa na miaka mitano. Mzee alibakiwa na mambo mawili ya kumchangamsha. La kwanza ni saa yake ya chuma, ya kutia ufunguo kwa kitufe cha pembeni, ambayo hakuwahi kumruhusu mtu mwingine kuifungua. La pili ni katalogi za matoleo mapya, ambazo Lenzi alizileta kutoka kazini akamsomea kwa sauti, naye mzee akatoa hukumu kama jaji mstaafu.

"Mwaka huu wamerudi kwenye saa ndogo, Baba. Milimita thelathini na sita."

"Si juzi tu walikuwa wanauza masufuria? Mtu akinyoosha mkono unadhani anakuletea chakula."

"Na hii hapa uso wake ni wa jiwe. Jiwe la kweli, limechongwa jembamba kama karatasi."

"Likianguka?"

"Linapasuka."

"Basi wauze na gundi."

Walicheka mpaka mzee akakohoa. Lakini Lenzi alipofika kwenye kurasa za mafundi huru, wale wasio na kiwanda, wanaotengeneza saa peke yao chumbani kwa mikono, mzee aliacha mzaha. Safari hii kulikuwa na mmoja aliyetoa saa kumi na tano kwa mwaka, na wanunuzi wake walikuwa wakisubiri miaka saba.

"Jina lake ameliandika usoni mwa saa?" mzee aliuliza.

"Ndiyo, Baba. Dogo sana, chini ya namba kumi na mbili."

"Mungu amlindie macho," alisema mzee, na hawakusoma tena siku hiyo.

Wiki ileile saa yake ikasimama. Aliitikisa, akaiweka sikioni, akageuza kitufe kikazunguka bure. Hakuhitaji macho kujua kwamba spring imekatika. Alikaa nayo siku mbili mkononi kabla ya kuivua na kumkabidhi bintiye.

"Itembeze tu, mama," alimwambia. "Asubuhi nikiamka nikaitia ufunguo, najua bado ni fundi. Bila hiyo mimi ni mzee wa kulishwa."

Lenzi aliibeba kwenda kazini ndani ya kitambaa, na moyoni aliapa kuirudisha nzuri kuliko ilivyokuwa. Ilikuwa wiki ya toleo jipya, karakana imejaa maboksi. Na toleo lenyewe, hebu fikiria, lilikuwa saa mpya iliyozeeshwa kiwandani. Uso wa kahawia kana kwamba umepigwa na jua miaka hamsini, namba zilizofifishwa kwa rangi ya krimu, na kasha limekwaruzwa kwa makusudi, mkwaruzo mmoja mmoja. Watu walijiandikisha kwenye orodha kuipata. Mteja mmoja, sauti yake ikipenya ukutani, alimwambia meneja kwamba anataka saa inayoonekana kama ya babu yake. Babu mwenyewe, alisema, alikuwa na saa, ila waliitupa.

Mchana, wenzake walipotoka kula, Lenzi alifungua saa ya Baba. Mashine aliifumua yote, akaiosha, akatia spring mpya na mafuta tone kwa tone. Kazi hiyo hata adui yake asingeitoa kasoro. Kisha akapandisha lenzi kwenye paji la uso, akasogea kwenye gurudumu la kung'arishia na kasha mkononi. Akang'arisha nje. Akageuza kifuniko. Kwa jicho tupu ndani kulikuwa na mikwaruzo tu, myembamba kama nywele, na mmoja mrefu ulioteleza mpaka ukingoni. Huo ulimsumbua, haukutaka kutoka. Akabonyeza zaidi mpaka ukatoka.

Siku hiyo aliomba ruhusa akarudi nyumbani jua bado kali. Mzee aliipokea saa kwa mikono miwili. Akaitia ufunguo taratibu, akahesabu mizunguko, akaiweka sikioni, na uso wake wote ukafunguka.

"Hiyo," alisema. "Sikia mwendo huo. Nimekufunza mimi."

"Umenifunza wewe, Baba."

Kisha akaomba kisu chake kidogo. Lenzi hakushangaa, fundi lazima akague kazi ya fundi mwenzake. Mzee akabandua kifuniko, akakigeuza, akapitisha ndani yake ukucha wa dole gumba. Ukucha huo aliuacha mrefu tangu macho yalipokwisha, na Lenzi siku zote alidhani ni uzee tu. Ulikwenda kulia, ukarudi. Ukazunguka ukingo. Ukarudi tena katikati.

"Umeng'arisha ndani," alisema.

"Ndiyo, Baba. Imekuwa kama mpya."

Mzee akakiweka kifuniko juu ya goti. Aliposema, hakupandisha sauti. Laiti angegomba, Lenzi angejua pa kujificha.

"Mama yako alikuwa akinisaidia pale mezani," alisema. "Ananipa kibano, ananipa sindano. Mimi nilikuwa mtu wa kuchelewa, unajua. Saa za watu haziishi. Basi siku moja, mimi nimelala, aliifungua saa yangu akachora ndani maneno mawili: Rudi mapema. Akaifunga, akanyamaza. Alijua mimi ni fundi, nitaifungua niisafishe, nitamsoma."

"Ukamsoma?"

"Mganga hajigangi, mwanangu. Nilisafisha saa za mji mzima, yangu sikuigusa. Nilipoifungua tulikuwa tumeshamzika miezi minne." Akatafuta ukingo wa kifuniko kwa kidole. "Ile herufi ya mwisho ilimponyoka. Ikateleza mpaka hapa. Macho yalipokwisha nikajifunza kumsoma kwa ukucha. Kila asubuhi, kabla hujaamka."

Lenzi aliukumbuka mkwaruzo mrefu. Aliikumbuka hata nguvu ya bega lake alipobonyeza. Mwandiko wa mama yake hakuwahi kuuona popote, hata kwenye karatasi, na mara pekee alipoushika mkononi aliufuta, huku lenzi ikiwa kwenye paji la uso. Alilia kama mtoto, akiwa na koti jeupe la kazi bado mwilini, na baba yake akamwacha alie.

"Nitayaandika tena, Baba," alisema mwishowe. "Niambie yalikaa wapi, herufi zilikuwaje. Nitayarudisha yalivyokuwa, hutajua tofauti."

Hapohapo akakumbuka masanduku ya karakana na saa zilizokwaruzwa kiwandani, akatamani ardhi ipasuke.

"Utakuwa umeandika wewe," mzee alisema. "Mimi nilikuwa namsoma yeye."

Akanyoosha mkono kuelekea sauti ya bintiye, na kifuniko kiganjani.

"Lete sindano. Andika kama nilivyokufundisha. Vitu vitatu."

Lenzi akakaa karibu na dirisha, akashusha lenzi jichoni, ingawa machozi yalimlazimisha kuifuta mara mbili. Akachora tarehe. Akachora alama yake, duara dogo lenye nukta katikati. Kisha alichokifanya: Spring mpya. Nimefuta maneno ya mama.

Mzee akapitisha ukucha, herufi kwa herufi, midomo ikimchezacheza kama anayesoma shuleni. Alipofika neno la mwisho ukucha ukasimama, akalirudia.

"Hapa umebonyeza sana," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Vizuri. Nalisikia." Akafunga kifuniko, akaivaa saa mkononi.